LEBO KAMA MATINI: KUONJA NA KUNUNUA DIVAI ZA MAJIMBO YA UFARANSA

Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha aliyezoea kulichambua shairi neno baada ya neno hatakuwa mgeni anapoishika chupa ya divai ya Kifaransa. Lebo ya chupa hiyo ni matini. Ina msamiati wake, sarufi yake na hata hila zake. Neno lilo hilo hubadilika maana kutoka jimbo hadi jimbo. Jina refu huweza kuashiria kitu cha daraja la chini kuliko jina fupi. Na sifa iliyopigwa chapa kwa wino wa dhahabu aghalabu haina uzito wowote kisheria. Asiyejua kuisoma lebo hulipia jina badala ya kulipia kinywaji.

Makala haya yanakusudia kueleza namna matini hiyo inavyosomwa, namna divai yenyewe inavyoonjwa, na namna inavyonunuliwa huko huko Ufaransa. Sababu za kulileta suala hili katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili ni mbili. Kwanza, miongoni mwetu wamo watakaoingia katika tafsiri, ukalimani na utalii, na orodha za vinywaji hazitakosa kuwafikia mezani. Pili, kuna dhana iliyoenea kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuizungumzia ladha ya divai ila kusema ni tamu au ni kali. Dhana hiyo nitaipinga. Msomaji ambaye dini au hiari yake haimruhusu kugusa kileo asidhani kuwa amefungiwa mlango. Mengi ya yafuatayo ni kazi ya jicho, pua na msamiati. Na hata mwonjaji wa kazi, kama tutakavyoona, hukitema anachokionja.

Divai au Mvinyo?

Kiswahili kina maneno mawili yanayogombania nafasi moja. Neno "mvinyo" lilitokana na Kireno "vinho", nalo ni miongoni mwa mabaki ya Wareno katika pwani yetu. "Divai" wanaisimu huinasibisha na Kifaransa "du vin", yaani "divai kiasi", kiambishi cha Kifaransa kikiwa kimemezwa pamoja na nomino yake. Katika matumizi ya sasa nchini Kenya, maneno haya huchukuliwa kuwa visawe. Hata hivyo, zipo kamusi zinazolipa neno "mvinyo" maana ya kileo kikali, ilhali "divai" hubakia kuwa kinywaji kitokanacho na zabibu zilizochachishwa. Kwa kuwa mjadala wetu unahitaji ubainifu, nitatumia "divai". Ikumbukwe pia kuwa wakulima wa Dodoma, Tanzania, ambako zabibu hulimwa kweli, wana istilahi yao ya "mchuzi wa zabibu" kwa divai ghafi inayouzwa kwa wingi kabla ya kutiwa chupani. Ni istilahi iliyozaliwa shambani, wala haikusubiri baraza lolote la lugha.

Jina ni Mahali

Mnunuzi aliyezoea divai za Afrika Kusini au Chile hutafuta aina ya zabibu kwenye lebo: Shiraz, Merlot, Chardonnay. Akiishika chupa ya Chablis, huenda asilione neno Chardonnay popote, ingawa Chablis yote hutengenezwa kwa zabibu hiyo. Akiishika Sancerre nyeupe, atatafuta Sauvignon asiione. Chablis ni mji mdogo. Sancerre ni mji juu ya kilima karibu na mto Loire. Ufaransa huiita divai kwa jina la mahali ilikotoka na kumwachia mnywaji ajue mwenyewe ni zabibu gani zinazopandwa hapo. Jimbo lililojitenga na desturi hii ni Alsace, mpakani mwa Ujerumani, ambako aina za zabibu kama Riesling na Gewurztraminer huandikwa waziwazi kwenye chupa ndefu nyembamba.

Nyuma ya desturi hii kuna imani kwamba zabibu ya aina moja, ikipandwa katika vipande viwili vya ardhi vinavyotenganishwa na njia ya mkokoteni tu, huzaa divai mbili tofauti. Wafaransa hulitumia neno "terroir" kwa mkusanyiko wa udongo, mteremko, jua, maji na mazoea ya watu wa mahali. Nimewahi kuona likitafsiriwa kama "udongo". Tafsiri hiyo ni finyu, kwani udongo ni sehemu moja tu ya maana yake. Kwa maoni yangu, "mahali" lingetosha katika miktadha mingi, maadamu mfasiri ataeleza mara moja kwamba mahali hapo ni pamoja na watu wake.

Imani hii imefikia kilele katika jimbo la Bourgogne. Kuanzia Dijon kuelekea kusini kupita Beaune, kuna mteremko mwembamba wa takriban kilomita 50 uitwao Côte d'Or, na mteremko huo umekatwakatwa katika mamia ya vipande vyenye majina. Kipande kimoja huitwa "climat". Mfasiri na awe macho hapa! Katika Kifaransa cha kawaida neno hilo humaanisha tabianchi. Kwa mkulima wa Bourgogne ni shamba lenye mipaka na jina. Mwaka 2015 "climats" za Bourgogne ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na yeyote atakayetafsiri habari hiyo kuwa ni tabianchi ya Bourgogne iliyohifadhiwa atakuwa amepotosha umma.

Madaraja ya Bourgogne ni manne. Chini kabisa ni divai zenye jina la jimbo zima, Bourgogne. Juu yake ni zile zenye jina la kijiji. Hufuata "premier cru", yaani vipande bora ndani ya kijiji, ambavyo jina lake huandikwa baada ya lile la kijiji. Kileleni ni "grand cru", vipande 33 tu, ambavyo kwa kawaida hutajwa kwa jina lake pekee bila kutaja kijiji. Daraja hili la juu hutoa takriban asilimia 1 tu ya divai ya jimbo zima.

Sasa tutazame mtego wa kimofolojia. Kijiji cha Gevrey kilikuwa na shamba mashuhuri liitwalo Chambertin. Mwaka 1847 kijiji kikaamua kuliunganisha jina la shamba na lake, kikawa Gevrey-Chambertin. Vijiji vya Puligny na Chassagne vikafanya vivyo hivyo kwa kulichukua jina la shamba la Montrachet. Matokeo yake ni kwamba Chambertin ni "grand cru", bali Gevrey-Chambertin ni divai ya kijiji tu. Nomino ambatano imepunguza thamani badala ya kuiongeza. Mnunuzi asiyejua hudhani kuwa jina refu limekusanya heshima zaidi, kumbe ni kinyume. Tofauti ya bei baina ya majina hayo mawili ni kubwa mno, na hata divai ya kijiji hujilipisha ghali kwa kujinasibisha na jirani yake.

Hata "grand cru" yenyewe haimalizi kazi. Clos de Vougeot ni shamba la takriban hekta 50 lililozungushiwa ukuta na watawa wa Cîteaux, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1098. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa mali za kanisa zilitaifishwa na kuuzwa, na sheria ya urithi ikawataka wazazi kuwagawia watoto wao wote. Leo shamba hilo lina wamiliki wapatao 80. Wengine wana mistari michache tu ya mizabibu. Kila mmoja hulima na kutengeneza divai kwa ujuzi wake au kwa uzembe wake, na wote huandika Clos de Vougeot. Kwa hivyo katika Bourgogne jina la mzalishaji, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya lebo, ndilo la kusomwa kwanza.

Polisemia ya "Grand Cru"

Wanafunzi wa semantiki watalipenda neno hili. Katika Bourgogne, kama tulivyoona, "grand cru" ni kipande cha shamba. Katika Alsace pia ni shamba, nayo yako 51. Katika Champagne ni kijiji kizima, na vijiji vyenye hadhi hiyo ni 17. Huko Saint-Émilion, karibu na Bordeaux, "Saint-Émilion Grand Cru" ni jina la asili ambalo mamia ya mashamba hulitumia kwa kutimiza masharti makali kidogo kuliko ya Saint-Émilion ya kawaida. Si kilele hata kidogo. Anayetafuta waliopangwa daraja hutafuta neno la tatu, "Classé".

Na katika Médoc, upande wa pili wa maji, daraja halikupewa ardhi bali lilipewa jina la jumba. Mwaka 1855, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris, madalali wa Bordeaux walitakiwa kuzipanga divai bora za jimbo lao. Hawakuonja upya. Walichukua bei ambazo divai hizo zilikuwa zikiuzwa na kuzipanga kwa ngazi tano. Orodha hiyo ingali inatumika, na badiliko mashuhuri ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza. Jumba lililopangwa mwaka 1855 likinunua shamba la jirani lililo ndani ya mipaka ya eneo lile lile, zabibu za shamba hilo huweza kuingia katika divai yenye daraja. Ajabu ya orodha hii ni kuwa bei ilizaa daraja, na daraja likaendelea kuzaa bei.

Yapo maneno mengine yanayovutia jicho bila kubeba lolote. "Grand vin de Bordeaux" si daraja. "Vieilles vignes", yaani mizabibu mikongwe, halina umri uliowekwa na sheria: mmoja huliandika kwa mizabibu ya miaka 80, mwingine kwa ya miaka 25. Maneno yenye uzito ni haya: "Appellation d'Origine Contrôlée" au "Protégée" (jina la asili lenye masharti ya eneo, aina ya zabibu, mavuno na utengenezaji), "Indication Géographique Protégée", iliyochukua nafasi ya "Vin de Pays" tangu mwaka 2009, yenye masharti mepesi zaidi, na "Vin de France", ambayo zabibu zake zaweza kutoka popote nchini. "Mis en bouteille au château" au "au domaine" humaanisha kuwa divai ilitiwa chupani na mwenye shamba.

Jina Lililopiganiwa

Wafaransa wana methali isemayo "À bon vin, point d'enseigne": divai nzuri haihitaji bango. Sisi husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hizi ni tamu masikioni, lakini historia ya wakulima wa Ufaransa inazikanusha.

Katika miaka ya 1860 kidukari mdogo kutoka Marekani, filoksera, aliingia kusini mwa Ufaransa na kuanza kuishambulia mizizi ya mizabibu. Katika miongo iliyofuata mashamba mengi yaliangamia, na tiba iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya mashina ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mdudu huyo hakuiweza. Uhaba ulizaa ughushi. Divai ilitengenezwa kwa zabibu kavu zilizolowekwa, kwa maji na sukari. Majina mashuhuri yakabandikwa kwenye mapipa yasiyohusika. Mashamba yalipopona, soko lilikuwa limefurika divai halisi na ya bandia kwa pamoja, na bei ikaporomoka.

Mwezi Machi mwaka 1907 wakulima 87 wa kijiji cha Argeliers, katika Languedoc, wakiongozwa na Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye mkahawa, waliandamana hadi Narbonne. Kila Jumapili umati uliongezeka. Tarehe 9 Juni mjini Montpellier walikusanyika watu wanaokadiriwa kuzidi nusu milioni. Serikali ya Clemenceau ilipeleka jeshi. Raia kadhaa waliuawa kwa risasi huko Narbonne, na askari wa kikosi cha 17, ambao wengi wao walikuwa watoto wa wakulima wa hapo, waliasi. Tarehe 29 Juni Bunge lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wazalishaji kutangaza mavuno yao na kuidhibiti sukari. Miaka minne baadaye, mwaka 1911, ikawa zamu ya Champagne. Wakulima wa bonde la Marne, waliochoshwa na matajiri walionunua zabibu za mbali na kuziuza kwa jina la Champagne, walivunja maghala na kuyachoma moto. Wenzao wa Aube, upande wa kusini wa jimbo hilo hilo, nao waliandamana kwa kuwa mipaka iliyochorwa mwaka 1908 ilikuwa imewatoa nje. Hawakurudishwa kikamilifu hadi mwaka 1927.

Kutokana na vurugu hizo ndipo ulipochipuka utaratibu wa majina ya asili. Huko Châteauneuf-du-Pape, Baron Pierre Le Roy, mwanasheria na mwenye shamba, aliwaongoza wenzake mwaka 1923 kujiwekea masharti: mipaka ya ardhi, aina za zabibu, kiwango cha chini cha kileo. Mwaka 1935 sheria ya taifa zima iliundwa kwa juhudi za Joseph Capus, na mwezi Mei mwaka 1936 majina ya kwanza yakatangazwa, yakiwemo Arbois, Cassis na Châteauneuf-du-Pape. Kwa mintarafu hii, maneno "Appellation Contrôlée" anayoyapita mnunuzi haraka haraka si urembo. Yaliandikwa na watu waliokuwa wakifa njaa juu ya shamba la zabibu.

Kuonja

Mwonjaji huanza kwa jicho. Huinamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe na kuitazama rangi: divai nyekundu hufifia na kuelekea kahawia kadiri inavyozeeka, nyeupe hukoza kuelekea dhahabu. Kisha hunusa kabla ya kuitikisa, huizungusha bilauri, na kunusa tena. Bilauri ijazwe kiasi cha theluthi moja tu, ili riha ipate nafasi. Baadaye hutwaa funda moja, hulizungusha kinywani, huvuta hewa kidogo kupitia midomo, na kulitema katika chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo. Kutema si utovu wa adabu katika ghala la mzalishaji. Ni dalili ya kuwa mgeni anajua alichojia. Asiyetema hupoteza uwezo wa kupambanua baada ya bilauri ya tano, na aliyeendesha gari hadi hapo atapoteza zaidi ya hilo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake. Hali ambayo Wafaransa huiita "acidité" sisi tunayo kwa jina la ugwadu: ni ule ukali wa ukwaju na embe bichi unaojaza kinywa mate. Divai isiyo na ugwadu wa kutosha ni chapwa, hata ikiwa na sukari. Tanini, inayotoka katika maganda na kokwa za zabibu na pia katika mapipa ya mwaloni, huleta hisia ya kukauka na kukwaruza kwenye ufizi. Lugha nyingi hulazimika kuieleza hisia hii kwa sentensi nzima. Kiswahili kina ukakasi. Aliyetafuna ndizi mbichi, au aliyekunywa chai ya rangi iliyochemshwa kupita kiasi, anaujua ukakasi, na kwa kweli chai nayo ina tanini zake. Divai changa ya Médoc au Madiran ina ukakasi mwingi. Miaka ikipita huiva, na ukakasi hulainika. Kilichotulia chini ya chupa kuukuu ni mashapo. Ladha inayosalia baada ya kutema haina neno moja lililokubalika. Ninapendekeza "masalio", nao huhesabiwa kwa sekunde: divai ya kawaida hutoweka mara moja, bora hukawia.

Kuhusu harufu mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha katika jarida la Brain and Language matokeo ya jaribio lililofanywa Bordeaux. Walitanguliza uchunguzi wa msamiati wa waonjaji, wakaona kwamba divai nyekundu hufananishwa kwa harufu na vitu vyekundu au vyeusi, na nyeupe hufananishwa na vitu vya njano au vyeupe, kama vile ndimu, asali na siagi. Kisha waliwapa wanafunzi 54 wa taaluma ya divai bilauri mbili. Zote mbili zilikuwa na divai ile ile nyeupe, ila moja ilitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi waliieleza iliyotiwa rangi kwa maneno ya divai nyekundu. Yamkini jicho lilikuwa limeuchagulia ulimi msamiati kabla pua haijatoa ushahidi wake. Jaribio hili hutajwa mara nyingi ili kuwacheka wajuzi. Mimi naliona kama somo la isimu: jina la harufu hutolewa na kamusi tuliyoizoea, na kamusi hiyo huongozwa na macho.

Ikiwa ndivyo, mfasiri wa Kiswahili hana sababu ya kuazima kamusi ya pua ya Mfaransa nzima nzima. Tunda la "cassis" halimwambii chochote msomaji wa Kisumu au Malindi. Zambarau si "cassis", lakini huleta weusi, utamu na ukakasi kwa pamoja. Gewurztraminer ya Alsace hunukia waridi, na mkaazi wa Lamu hahitaji maelezo juu ya waridi. Syrah za kaskazini mwa bonde la Rhône, kama vile Cornas na Saint-Joseph, zina pilipili manga. Riesling iliyozeeka hutoa harufu ambayo Wafaransa huiita petroli. Nani miongoni mwetu aliyesomea kwenye koroboi asiyeweza kuitaja kuwa ni mafuta ya taa? Na mfano ninaoupenda zaidi unatoka Jura, karibu na Uswisi. Divai ya huko iitwayo "vin jaune" huachwa ndani ya pipa kwa zaidi ya miaka sita chini ya utando wa hamira, bila kujaziwa inayopotea kwa uvukizi, kisha hutiwa katika chupa ya pekee ya sentilita 62. Waonjaji husema inanukia jozi na bizari. Kemikali inayohusika, sotoloni, ndiyo hiyo hiyo inayozipa mbegu za uwatu harufu yake. Mpwani aliyekulia kwenye jiko lenye uwatu ataitambua "vin jaune" upesi kuliko Mparisi.

Pua hutambua kasoro pia. Harufu ya koga na kadibodi iliyolowa ni dalili ya kizibo kibovu, na chupa hiyo hurudishwa bila aibu. Harufu ya siki hujieleza yenyewe.

Kununua

Njia bora ya kununua divai ya jimbo ni kwenda jimboni. Mkulima mdogo hana mhudumu wa mapokezi. Yeye ndiye anayelima, anayetengeneza na anayeuza, kwa hivyo ni adabu kupiga simu kabla ya kufika na kutofika saa ya chakula cha mchana. Huanza kwa salamu, kama kwetu. Kuonja huweza kuwa bure au kwa malipo madogo. Kisheria hapana wajibu wa kununua, bali mgeni aliyefunguliwa chupa sita akaondoka mikono mitupu hatasifiwa. Mpangilio wa kuonja ni nyeupe kabla ya nyekundu, nyepesi kabla ya nzito, na tamu mwisho, ingawa katika Bourgogne wapo wanaoanza na nyekundu.

Asiyeweza kufika shambani ana vyama vya ushirika, ambavyo katika Languedoc na Roussillon ni mhimili wa vijiji. Ana pia maonyesho ya divai ya maduka makubwa yanayofanyika kila Septemba, na yale ya wakulima huru jijini Paris kila Novemba. Maduka makubwa yana bei za kuvutia, lakini hapo chupa haionjwi. Mnunuzi mwerevu hununua moja, huionja jioni hiyo, na kurudi kesho yake iwapo imempendeza.

Siri ya mwenye mfuko mwembamba ni kusogea hatua moja kutoka kwenye jina kubwa. Karibu na Sancerre kuna Menetou-Salon, yenye zabibu ile ile. Karibu na Châteauneuf-du-Pape kuna Vacqueyras, Gigondas na Cairanne, ambayo ilipandishwa daraja mwaka 2016. Anayetaka divai ya povu bila kulipa bei ya Champagne hutafuta "Crémant" ya Alsace, Loire, Limoux au Jura: nayo huchachishwa mara ya pili ndani ya chupa ile ile, ila hupumzishwa juu ya hamira kwa angalau miezi 9, ilhali Champagne hukaa angalau miezi 15 chupani kabla ya kuuzwa. Kwenye lebo ya Champagne yenyewe kuna herufi ndogo za kutafutwa kwa makini: RM ni mkulima anayetengeneza kwa zabibu zake, CM ni chama cha ushirika, NM ni kampuni inayonunua zabibu. Kampuni zaweza kutengeneza divai bora kabisa. Herufi hizo humwambia mnunuzi nani analipwa, basi.

Beaujolais inastahili neno. Tangu Philippe Mshupavu, mtawala wa Bourgogne, alipoilaani zabibu ya Gamay katika amri yake ya mwaka 1395, Gamay imedharauliwa. Na Beaujolais Nouveau, inayouzwa Alhamisi ya tatu ya Novemba ikiwa ingali changa, haikuisaidia sifa yake. Lakini maeneo kumi ya kaskazini mwa Beaujolais, Morgon na Moulin-à-Vent yakiwemo, huandika jina lake tu kwenye lebo, na divai zake huweza kukaa miaka kumi bila kuchakaa.

Jina kubwa, kwa upande mwingine, halimlindi kila anayelibeba. Mbali na majumba ya mwaka 1855, Bordeaux ina maelfu ya wakulima ambao divai yao haina daraja wala sifa ya ng'ambo, na unywaji wa divai nyekundu nchini Ufaransa umekuwa ukishuka kwa miongo mingi. Mwaka 2023 mpango wa serikali ulifunguliwa huko Gironde wa kuwalipa wakulima euro 6,000 kwa kila hekta ya mizabibu waliyokubali kuing'oa. Chupa zao zingali kwenye rafu za chini madukani, zikiwa na neno Bordeaux kwa herufi kubwa, na jina la mkulima na la kijiji chake kwa herufi ndogo chini yake.